Ndoana za Baba Asifiwe

Jumamosi, 16 Machi

Nesi aliyeturuhusu juzi alinipa amri: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili mchana kutwa, kushoto, chali, kulia, na kila nikimgeuza niandike saa, la sivyo atatoka vidonda. Sawa. Mie ni karani wa shule ya sekondari, kuandika saa na majina ndiyo kazi iliyonizeesha. Nimechukua kaunta buku ya ofisini, ile niliyoileta nyumbani mwaka jana nikasema nitairudisha. Saa kumi na mbili kushoto, saa mbili chali, saa nne kulia.

Saa tano Albano akasema, "Mama Asifiwe, hebu lete sanduku."

Mume wangu ni mvuvi wa mshipi, si wa nyavu, na hilo atakwambia kabla hujamuuliza. Sanduku lake ni la plastiki, lina vyumba vyumba: ndoana za kila saizi, waya, chubwi za kuzamisha mshipi, vile vipete vinavyozuia mshipi usijisokote, na mashine mbili za kukunjia mshipi alizonunua kwa Mzungu wa hotelini aliyekuwa anarudi kwao. Miaka ishirini na miwili ya kukusanya. Tarehe tisa Februari aliteleza kwenye ukingo wa boti pale Kunduchi, akaangukia nanga kwa mgongo. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kushuka, hahisi kitu. Sanduku lililetwa nyumbani na maji yake ya bahari ndani, likasukumwa uvunguni, na sie tukaenda kukaa hospitali wiki tano.

Nililifungua harufu ikanirudisha nyuma. Akachukua ndoana moja, akaigeuzageuza karibu na macho. "Hizi zikiliwa na kutu, nikiinuka nitavua na nini?"

Nimefurahi alivyosema "nikiinuka". Wodini hakusema hivyo hata siku moja. Mie daktari aliniambia tusubiri, masika yaishe, tutaona, na leo Albano naye anasema baada ya masika. Basi tumepatana. Yeye kazi yake kupona, yangu kuzuia kutu isiingie sandukuni. Akanipa masharti yake kama anamwandikisha mwanafunzi. Oshea maji safi mpaka chumvi yote itoke. Anika kivulini, siyo juani. Futa moja moja kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo. Mashine ulegeze breki zake zisigandamane. Usifunge kifuniko unyevu ukiwemo. Zenye kutu uzitenge, maana zinaambukiza zingine. Na kila Jumamosi nimletee akague.

Nimeyaandika yote. Jumatano naanza.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nimemgeuza mara saba.

Jumatano, 20 Machi

Nimeosha. Ndoana mia moja na kumi na nne, kwenye beseni la uani, maji nimebadilisha mara tatu, yalikuwa meupe kabisa mwishoni. Kidole gumba kimechomwa mara mbili na cha shahada mara moja. Mwenye nyumba wetu, Bi Somoe, alisimama mlangoni kwake akacheka. "Mwanangu, na wewe unaingia baharini?" Nikamwambia shikamoo na kwamba bahari imeingia kwangu. Alikwenda ndani akaniletea kichupa cha mafuta ya cherehani, akasema mafuta ya kupikia niliyokuwa nayo yatanuka na kuita panya. Huyu mama mie nilikuwaga namwona mkali kwa sababu ya kodi. Nimeanza kumwelewa.

Jumamosi, 23 Machi

Ukaguzi wa kwanza. Nilimwinua kwa mito miwili, nikakaa pembeni ya kitanda na sanduku mapajani. Akachukua mshipi akaanza kufunga ndoana, huku nyingine tatu amezibana midomoni kama fundi cherehani na pini zake. Ndivyo afanyavyo siku zote. Alikaa kimya kidogo nazo mdomoni. Kisha akazitoa, akasema, "Safi."

Tulikaa pale hadi saa saba. Alinisimulia kolekole mmoja, samaki aliyemvua mwaka wake wa kwanza baharini, hadithi ninayoijua mpaka mwisho, nikaisikiliza yote. Naona aibu kuandika jinsi nilivyofurahi.

Alhamisi, 28 Machi

Bakari amekuja. Bakari na Albano wamevua boti moja miaka kumi na mitano, na ndiye aliyeruka majini kumtoa. Kaleta changu wawili na maneno.

"Shemeji, nilikuwa nawaza. Vile vifaa vya kaka, kwa nini nisivifanyie kazi kwa sasa? Ndoana ikikaa inaoza. Akiamka namrudishia."

Nikamwambia mgonjwa hajafa, harithiwi. Akainamisha kichwa, akaniaga vizuri, akaondoka bila kunywa maji, maana amefunga. Hatujamaliza hata mwezi mmoja nyumbani, fisi wameshaanza kuzunguka. Samaki nimewapika, walikuwa wazuri, na hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 30 Machi

Kutu.

Niliiona kabla ya kumpelekea, asubuhi. Vidoa vidogo kwenye matundu na kwenye mikunjo, kama punje za majani ya chai. Nilichukua msasa nikavisugua nikiwa nimejificha jikoni. Yeye akakagua, akasema, "Safi." Kesho Pasaka na nimeshamdanganya mgonjwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Zaidi. Nimekosea nini? Naosha mara mbili kwa wiki sasa badala ya moja. Nakausha. Nafuta moja moja mpaka mgongo unaniuma. Nimeweka mkaa ndani ya kitambaa kwenye kila kona ya sanduku unyonye unyevu, nimeweka na vile vipakti vinavyokaa kwenye viatu vipya, Bi Somoe kanitafutia kwa wajukuu zake. Mashine moja ikizungushwa inalia.

Amesema, "Safi."

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Pilau kutoka kwa Bi Somoe. Bakari alikuja na kanzu yake nyeupe, na shuka mpya kwa ajili ya mgonjwa. Saa nane ilipofika alinizuia nisiinuke. Akamgeuza Albano mwenyewe, taratibu, mkono mmoja chini ya bega, akamwekea mto katikati ya magoti bila kuelekezwa. Akauliza kitabu kiko wapi, akaandika saa. Mwandiko mbaya, ila saa ni sahihi. Kuhusu sanduku hakusema neno.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefanya upuuzi. Ndoana kubwa, zile namba sita anazozipenda, kumi na moja zimekatika mikononi mwangu nilipokuwa nasugua. Nimekwenda dukani nikanunua nyingine, nikazipaka majivu na mafuta zionekane za zamani. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, karani, mzee wa kanisa, nimekaa jikoni nazeesha ndoana.

"Safi," amesema.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua siku nzima. Shuka hazikauki.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Mara saba.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemgeuza nikaona wekundu chini ya uti wa mgongo, mpana kama sarafu. Nimebonyeza, wekundu haukuondoka.

Ijumaa, 19 Aprili

Ngozi imefunguka. Nesi wa zahanati amekuja, akasafisha, akasema ni kidonda, kiendelee kusafishwa kila siku. Nikamwonyesha kaunta buku. Saa zote zimo. Akasema wakati mwingine hutokea tu, mama. Mie nimeangalia kurasa zile na nimetamani kuzichana. Nimepewa vitu viwili vya kutunza, mtu na sanduku, na vyote viwili vinaliwa mikononi mwangu huku nikiandika saa.

Asifiwe amepiga simu kutoka Tunduma, akauliza baba anaendeleaje. Nimesema vizuri.

Jumamosi, 20 Aprili

"Safi."

Jumamosi, 27 Aprili

Alikagua macho yakiwa dirishani. Nadhani hata hakuzitazama. Nilimuuliza kama amechoka, akasema hapana, kaa kidogo. Nikakaa dakika kumi, nikakumbuka dawa ya kidonda, nikainuka.

Jumamosi, 4 Mei

Upepo. Redioni wanasema kimbunga, boti zote zimezuiwa. Bati la jikoni linapiga tangu alfajiri na maji yanaingia kwenye kona ya sanduku, nimelihamishia juu ya kabati. Nguo hazikauki, mkaa umelowa, chumvi ya mezani imekuwa maji. Nimekaa sakafuni nimelia mpaka nikachoka. Albano aliniita kutoka chumbani, "Mama Asifiwe, unafanya nini?" Nikamjibu nasaga pilipili.

Nimemgeuza mara tano. Mbili nimezisahau. Nimeandika ukweli.

Jumamosi, 11 Mei

Safi, safi, safi. Nimelichukia neno hili.

Jumanne, 14 Mei

Kliniki. Tumekwenda na bajaji mbili, yeye na Bakari katika moja, mie na vitu vyake katika nyingine. Baada ya vipimo daktari aliniita pembeni kuzungumza habari ya kiti cha magurudumu, vipimo vya mlango wetu, kama choo chetu kina ngazi. Nikamuuliza, je, masika yakiisha? Si ulisema tutaona?

Yule kijana alinitazama kwa mshangao. "Mama, mzee hajakwambia? Nilimweleza wodini, kabla hamjaondoka. Aliniomba nimwachie akwambie mwenyewe."

Hatatembea. Alijua tarehe kumi na nne Machi, siku mbili kabla ya kuniambia lete sanduku. Siku mbili kabla ya "nikiinuka".

Njiani kurudi sikuwaza kitu. Nyumbani nilimlisha uji, nikamgeuza, nikaandika. Sijamwambia kwamba najua. Kama anaweza kukaa nalo miezi miwili, mie nitashindwa kukaa nalo wiki?

Jumamosi, 18 Mei

Nimempelekea sanduku. Nilisimama, sikukaa. Alishika ndoana zile mbovu moja baada ya nyingine na uso wa mtu anayenunua, na mie nikasimama na uso wa mtu anayeuza. Nilitaka kumpiga. Miaka ishirini na saba ya ndoa sijawahi kutaka kumpiga, hata pale alipokuwa na makosa ya kweli.

"Safi," akasema.

"Nashukuru," nikasema.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeandika leo kuliko siku zote, saa za kugeuza nitazijaza baadaye.

Saa tatu asubuhi nilikuwa uani na beseni. Bakari akaingia na mkeka mpya wa kumlazia Albano nje jua likitoka. Akanisalimia, akasimama akinitazama ninavyosuuza. Nikajua anataka kusema kitu, nikamwambia sema.

"Shemeji, maji haya umeyatoa wapi?"

"Bomba si hilo hapo."

"La kisima?"

"Ndiyo, la kisima. La nani tena?"

Akachovya kidole kwenye beseni, akakilamba. Akachovya tena, kama mtu asiyeamini. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akasema polepole, kwa heshima zote, "Haya ni ya chumvi, shemeji."

"Si ya kuoshea haya? Ulitaka nichukue maji ya kunywa nioshee ndoana?"

Nilijisikia ninavyosema. Miaka kumi na tisa naishi hapa Mtongani. Maji ya kisima ni ya kufulia, ya vyombo, ya kudekia. Maji ya bomba la mtaani, siku yakitoka, tunajaza madumu, ni ya kunywa na kupikia, na ole wake atakayeyaogea. Kila nyumba ya huku inafanya hivyo, wala hakuna anayekaa akafikiri. Sabuni haitoi povu, tunaongeza sabuni. Nilipoambiwa maji safi nilitazama beseni, nikaona maji meupe kabisa, nikaridhika. Nimetoa chumvi kwa chumvi. Nimezisuuza kwenye chumvi, nikazifuta, nikaipaka chumvi mafuta juu ili ikae vizuri, na kutu ilipozidi nikaongeza kuosha.

Bakari alitaka kunisaidia kuinuka, nikakataa. Nilikwenda chumbani na mikono imelowa.

"Baba Asifiwe, mie ndiye niliyeziua ndoana zako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Maji ya kisima. Nilionja ile Jumamosi ya kwanza, nilipoziweka mdomoni."

Nikakaa kwenye ndoo. "Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Jumamosi kumi, Albano. Nimechomwa vidole vyote. Nimechomwa sindano ya pepopunda."

"Ningekwambia, ungetafuta maji ya mtaani. Nakujua. Kila Jumamosi ungeniletea zinang'aa. Mie nizitazame zinang'aa, halafu iweje? Daktari alishaniambia, Tupo." Haniitagi jina langu. "Nikaona afadhali ziishe taratibu, tuishe pamoja."

"Mie nimekwambia nataka kuisha?"

Nikamwambia na mie najua, tangu kliniki, siku kumi na moja sasa. Akafumba macho. Tulikaa hivyo, wazee wawili waongo, na Bakari uani tukimsikia anamwaga beseni.

"Na zile ndoana ulizozipaka majivu," akasema, macho bado amefumba, "nilizijua. Za kwangu zote nilizipinda ncha kwa koleo, kidogo, kushoto."

"Sasa kwa nini ulisema safi?"

"Ulikuwa unakaa."

"Nini?"

"Siku nyingine unaingia, unanigeuza, unaandika, unatoka. Jumamosi ulikuwa unakaa."

Nilimwambia kwa hasira, si ungesema tu kaa. Akafumbua macho akanitazama vizuri, bila ugomvi, akauliza, "Ungekaa?"

Nimefikiri tangu asubuhi mpaka saa hizi, na hapa kwenye kitabu hakuna wa kumdanganya. Nisingekaa. Ningesema nina kufua.

Jumapili, 26 Mei

Sijaenda kanisani.

Jumanne, 28 Mei

Hatuongei sana. Kidonda hakijafunga.

Alhamisi, 30 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Boti zimeanza kutoka. Saa kumi upepo unaleta sauti za mnada wa samaki mpaka chumbani, na yeye anageuza uso upande wa pili. Nimeuliza kama nifunge dirisha. Amesema liache.

Ijumaa, 31 Mei

Nimempigia Bakari aje achukue sanduku. Sikumuuliza Albano. Nimefanya hivyo Albano akiwa amelala.

Bakari alilifungua barazani, akachambua kwa vidole, na nilimwona anavyohesabu zilizopona bila kusema idadi. Mashine moja labda itafufuka, akisema kweli na siyo kunifariji. Nilimwambia achukue nzima, mbovu nitatupa mie. Akafunga kifuniko. "Nitaondoka nalo lote, shemeji. Usibaki unalitazama." Nilimwita huyu mtu fisi, nimeandika kabisa, na sitaikata ile karatasi.

Jumamosi, 1 Juni

Saa tano nimeingia chumbani mikono mitupu, nikavuta ndoo nikakaa.

Alisubiri. Kisha akauliza, "Liko wapi?"

"Nimempa Bakari. Jana."

"Lote?"

"Lote."

Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa nimeyapanga na ya kwangu pia, mengi, kuhusu kiti cha magurudumu na mlango na kuishi. Aligeuza uso ukutani, maana uso ndio anaoweza kuugeuza mwenyewe, na mabega yakaanza kutikisika. Tangu aanguke hajalia. Wodini hakulia, siku ya kidonda hakulia, alipokuwa akiniambia "safi" hakulia. Leo analia kwa sauti, saa tano ya asubuhi, dirisha liko wazi na Bi Somoe yuko uani anatwanga.

Maneno niliyoyapanga sikuyakumbuka hata moja. Nilivua kandambili nikapanda kitandani nyuma yake, jambo ambalo sijalifanya tangu Februari kwa kuogopa kumuumiza. Nikazungusha mkono chini kidogo ya kiuno chake nikaukaza. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Alilia muda mrefu, kisha akatulia kama mtu anayesikiliza.

"Umenishika?" akauliza.

"Nimekushika."